Barua ya wazi kwa wenye mtandao: turudishieni uzi kati ya kianzio na jibu

Kwa Wamiliki, Mkurugenzi Mtendaji na Wasimamizi wa Sera wa mtandao tunaoutumia

YAH: KUVUNJWA KWA HAZINA YA VIANZIO, VIPENDWA NA WAHUSIKA WA MASHABIKI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kujitolea wa kikundi cha mashabiki ambacho kimekaa kwenye mtandao wenu miaka tisa sasa. Kazi hii haina mshahara na sijawahi kuudai. Asubuhi nafuta matusi yaliyolala mlangoni, mchana nakumbusha watu zamu zao za kuandika, usiku napatanisha wawili wanaogombea mhusika mmoja mwenye jicho la kioo. Nimewaandikia mara tatu kwa faragha, kwa njia mliyoielekeza wenyewe. Mara ya kwanza mashine yenu ilinishukuru kwa maoni yangu muhimu. Mara ya pili ilinishukuru tena kwa maneno yaleyale, na kosa lilelile la tahajia. Mara ya tatu hata shukrani sikupata. Ndiyo maana leo nawaandikia hadharani, wanachama wenzangu wakisoma, asije mtu akasema kwamba hamkuambiwa.

Nadhani baadhi yenu hamjawahi kuingia kikundini, kwa hiyo nianze na kazi yenyewe.

Tunafanya mambo matatu. La kwanza ni vipendwa. Kila mtu ana orodha ya mambo yanayomfurahisha katika hadithi, na si majina ya tamthilia tu. Mtu anaandika kwamba anapenda maadui wanaolazimika kujisitiri mvua chini ya paa moja, ndugu waliopotezana, wazee wanaoanza mapenzi upya. Chini yake anaandika asiyotaka kukutana nayo, kwa mfano mbwa kufa. La pili ni vianzio: sentensi moja au mbili unayoitupa katikati ili mwingine aidake. "Mpishi wa jeshi lililoshindwa, asubuhi baada ya vita." Basi, imetosha. Mtu usiyemjua anaidaka, anarudi na kurasa sita. La tatu ni wahusika wetu wenyewe. Wengine wameumbwa waishi ndani ya dunia ya tamthilia au mchezo unaojulikana. Wengine hawana dunia yoyote bado, wana jina tu, kovu, na jambo moja wanaloliogopa. Tunawaandikia wasifu, tunawachora, tunakopeshana. Ndiyo, tunakopeshana wahusika, na mkopo una adabu zake: humuui mhusika wa mwenzio bila kuomba.

Mambo haya yamefungamana. Orodha ya vipendwa humwongoza anayekuandikia hadithi ya zawadi. Kianzio humzaa mhusika, na mhusika akikua huzaa vianzio vingine. Kilicho na thamani katika yote tuliyoyaweka kwenu ni huo uzi: nani alitupa neno, nani alilidaka, nini kikazaliwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeukata uzi

Katika mabadiliko ya mwezi uliopita, kila jibu limegeuzwa kuwa andiko linalojitegemea. Kianzio kimebaki huko kwake, majibu yametawanyika, na vyote vinapangwa kwa wingi wa wanaovipenda badala ya tarehe.

Nitoe mfano ninaoujua. Katika mwaka wa tatu wa kikundi, mwanachama mmoja aliandika: "Mlinzi wa mnara wa taa asiyejua kuogelea." Maneno saba. Nikamjibu kwa hadithi fupi ya mwanamke wa miaka sitini aliyeomba kazi ile kwa sababu, alipotazama ramani, mnara ulionekana uko mbali na maji. Mwingine akamchora, akamvalisha kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine, jambo ambalo mimi sikuliwaza kabisa. Wa tatu akauliza kile kiatu kikubwa ni cha nani, na swali lake likawa kianzio kipya. Wa nne akaandika habari za mwenye kiatu. Baada ya miaka miwili Mlinzi alikuwa na kijiji kizima nyuma yake, mashua mbili na adui mmoja wa kudumu. Hakuna kati yetu aliyeweza kusema ni wake peke yake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kusema, kwa sababu ukiufuata uzi ulikuwa unauona kila mkono uliopita.

Leo ukimtafuta Mlinzi unapata mchoro wa viatu viwili, umependwa na watu wengi ambao hawajui ni viatu vya nani. Kianzio kilichomzaa kimezama kwa kuwa hakina picha. Hadithi ya mwenye kiatu ipo mahali fulani humo ndani. Nimeitafuta jioni tatu na sijaipata. Ni sawa na mtu akukabidhi majibu ya vitendawili peke yake (yai, kivuli, ulimi) kisha akuhakikishie kwamba hakuna kilichopotea.

Kuna madhara mengine ambayo huenda hamkuyawaza. Zamani mtu akijitwalia mhusika wa mwenzake, hatukuwa na haja ya kuwasumbua ninyi. Tulifungua kianzio, tukaangalia tarehe na mfuatano wa majibu, ugomvi ukaisha kabla ya chakula. Tangu mabadiliko haya nimeletewa kesi nne, na sina ushahidi wa kumpa yeyote. Nimewaomba wote wasubiri. Mmoja amechoka kusubiri, amefuta kila alichowahi kuandika, ameondoka.

Msiniambie kwamba teknolojia hairuhusu. Archive of Our Own, maktaba ya mtandaoni inayoendeshwa na mashabiki wenyewe kwa michango, ina sehemu za vianzio na za kubadilishana zawadi. Mtu anakichukua kianzio, anaandika, na kazi yake inabaki imeandikwa kwamba ni jibu la kianzio fulani cha mtu fulani. Jambo hilo linawezekana kwa watu wanaofanya kazi bila malipo baada ya saa za ajira zao. Haliwezi kuwashinda ninyi.

2. Siku 14 si taarifa

Mmetangaza kwamba sehemu ya kubadilishana zawadi itafungwa, mkatupa siku 14, na hamkutupa njia ya kupakua zaidi ya kufungua andiko mojamoja na kunakili kwa mkono. Tuna miaka tisa ya maandiko humo. Piga hesabu yoyote unayotaka, haifiki.

Mashabiki tuna kumbukumbu ndefu kuhusu jambo hili. Oktoba 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, ambako mashabiki wengi wa miaka ya 1990 walikuwa wamejenga kumbi zao za kwanza. Oktoba 2019 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba yaliyohifadhiwa katika Yahoo Groups, huduma yake ya vikundi vya majadiliano, yatafutwa kuanzia tarehe 14 Desemba. Baada ya kelele ikasogeza mbele hadi 31 Januari 2020. Vikundi vya mashabiki vilikuwa miongoni mwa vilivyokimbizana na tarehe hiyo, na watu wa kujitolea wa Archive Team walikesha wakiokoa walichoweza. Wale walipewa miezi miwili, wakaongezewa, na bado mengi yalipotea. Sisi tumepewa wiki mbili, na mojawapo imeshakwisha ninapoandika haya.

Nikiri na upande wetu: tulipaswa kuweka nakala zetu wenyewe tangu mwanzo. Hatukuweka, kwa sababu nyumba ilionekana imara. Kosa hilo tunalilipia sasa.

3. Tiki ambayo hatukuiweka sisi

Masharti yenu mapya yanasema kwamba kila kilicho wazi kwa umma kinaweza kutumika kufundisha mifumo ya akili mnemba. Kisanduku cha kukataa kipo, ila kimefichwa nyuma ya kurasa nne za mipangilio, na tulikikuta tayari kimetiwa tiki ya kukubali.

Wenzenu walishalifanya kosa hili wakalirekebisha. Novemba 2022 DeviantArt, mtandao wa wachoraji, ilipozindua chombo chake cha kutengeneza picha kiitwacho DreamUp, kazi za wachoraji zilihesabiwa zimekubaliwa mpaka mwenyewe akatae. Wachoraji wakapiga kelele, na upesi kampuni ikaugeuza utaratibu: kazi zote zikahesabiwa zimekataliwa mpaka mwenyewe akubali. Mlikuwa na miaka ya kujifunza kutoka kwao. Na msidhani kwamba kelele zetu ni za woga tu. Mwaka 2025 mtu mmoja alichota kazi zaidi ya milioni 12 kutoka Archive of Our Own akaziweka hadharani ziwe data ya kufundishia mashine, na wenye maktaba ikawabidi wadai kisheria ziondolewe.

Naomba mlione jambo linaloitenga kazi yetu na maandishi mengine. Hadithi iliyokwisha imeshasema yake. Wasifu wa mhusika ni ahadi. Yupo kati yetu mtu anayemlea mhusika mmoja tangu akiwa shuleni. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na riwaya aliyomkusudia bado hajaianza. Amemwanika kikundini ili tumpigepige na kumnyoosha. Tabia zake, namna anavyosema uongo, jina la mji wake usiokuwepo, vyote viko wazi kwa sababu bila kuviweka wazi hatungeweza kumsaidia. Mashine ikivimeza leo na kuvitapika kesho vikiwa vimechanganywa na vingine, siku mama huyu akitoa riwaya yake ataambiwa ameiga.

Na wale wasiokuwepo? Wengine waliacha vianzio wakaondoka, nywila wamesahau. Mmoja wetu amefariki. Orodha yake ya vipendwa bado ipo, bado tunaitumia kila mwaka kumwandikia zawadi siku ya kumbukumbu yake. Nani atakwenda kuitoa ile tiki kwa niaba yake?

4. Kichujio kisichojua hadithi ni nini

Wiki iliyopita akaunti ya mwanachama ilifungwa kwa sababu ya kianzio hiki: "Natafuta mtu wa kumtilia sumu mfalme, malipo ni farasi." Kichujio, mashine yenu inayokagua maandishi, kilikiita tishio la mauaji. Alikata rufaa, akajibiwa baada ya sekunde kumi na moja. Nisingependa kuwa mfalme anayelindwa na mlinzi wa namna hiyo.

Wengine wamefungiwa kwa ajili ya orodha za vipendwa, kwa kuwa wameandika neno kama "vita" au "ulevi" kati ya mada wanazopenda kusoma. Hili nalo lina historia. Mwishoni mwa Mei 2007 LiveJournal, mtandao wa shajara za umma, ilifunga akaunti zipatazo 500 kwa mpigo, nyingi kwa sababu ya maneno yaliyokuwa katika orodha zao za mambo yanayowavutia. Kuandika kwamba mada inakuvutia kulichukuliwa kama kutangaza kwamba unafanya uhalifu. Waliofagiwa ni pamoja na vikundi vya mashabiki, vikundi vya watu walionusurika na unyanyasaji waliokuwa wakifarijiana, na watu waliokuwa wakijadili fasihi tu. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani ndani ya siku chache, na akaunti nyingi zikarudishwa. Imani ya mashabiki haikurudi nazo. Mwaka huohuo baadhi yao walianzisha Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida, na Novemba 2009 maktaba yake, ile Archive of Our Own niliyoitaja, ilifungua milango kwa majaribio. Mwaka 2019 ikapata Hugo, tuzo ya hadithi za sayansi na za kufikirika.

Sisemi kichujio kisiwepo. Watoto lazima walindwe, na mimi mwenyewe nimewafukuza watu kikundini bila kupepesa macho. Nasema kabla ya kumfungia mtu kwa ajili ya hadithi, mwanadamu aisome.

5. Zana za wasimamizi

Mmetuondolea uwezo wa kubandika tangazo juu na wa kuhamisha andiko lililokosea mahali. Sijui ni kwa nini. Turudishieni.

Sasa nije kwenye majibu ambayo nayatarajia, maana mengine nimeshayasikia kwa wenzangu wa vikundi vingine.

Mtasema huduma ni bure. Haijawahi kuwa bure. Kila tunapofungua kianzio kuna tangazo pembeni, na kila mgeni anayeingia anakuja kwa sababu ya tulichokiweka sisi. Nyumba ni yenu, hilo silipingi. Ila waliowasha taa ndani na kukaribisha wageni miaka tisa ni sisi.

Mtasema tulikubali masharti. Tuliyakubali yale ya siku tuliyoingia. Haya mapya mliyaleta kwa kisanduku kilichofunika skrini nzima chenye kitufe kimoja tu, "Endelea". Mtu aliyepewa mlango mmoja hajachagua njia.

Mtasema vitu vyenyewe si vyetu, kwamba tunaiga kazi za wengine. Hapa nitakuwa mkweli kuliko mnavyotarajia. Kianzio cha maneno saba sidhani kama kina mmiliki, na sheria haitoi hati kwa wazo tupu. Mhusika aliyeumbwa ndani ya dunia ya mtu mwingine ana utata wake pia. Lakini maandishi na michoro iliyotoka mikononi mwetu inalindwa tangu inapoumbwa, bila usajili. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, na nchi nyingi za dunia zimo. Isitoshe, sijawadai umiliki wa mawazo. Nadai kumbukumbu ya nani alimpa nani.

Na kuna jibu moja ambalo hamtalisema wazi, ila lipo kwenye sauti: kwamba haya ni mambo ya kitoto, wasichana wanajiandika wao wenyewe kuwa mashujaa wenye macho ya zambarau. Dharau hiyo tumeizoea. Hata baadhi yetu tuliibuni. Jina "Mary Sue", la kumcheka mhusika wa kike asiye na dosari, lilizaliwa katika jarida la mashabiki mwaka 1973, kwa kalamu ya shabiki mwenzetu Paula Smith. Nimesoma wasifu wa mamia ya wahusika wenye macho ya zambarau. Wengi ni wabaya. Waliowaandika walikuwa na miaka 13, na baadhi yao leo wanaandika vizuri kuliko mimi, kwa sababu mahali fulani mtu alidaka kianzio chao kibovu akakijibu kwa heshima.

Mwisho, mtasema sisi ni wachache. Ni kweli. Wachache ndio wanaotupa vianzio. Wanaosoma kimyakimya ninyi mna idadi yao, sisi hatuna.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Uzi urudishwe: kila jibu lionyeshe kianzio chake, kila kianzio kionyeshe majibu yake, na msomaji aweze kuchagua mpangilio wa tarehe.

(b) Kufungwa kwa sehemu ya zawadi kusogezwe mbele kwa siku 90, na kabla yake itolewe njia ya kupakua kikundi kizima, viungo kati ya vianzio na majibu vikiwemo. Faili zisizo na viungo hatuzitaki, hizo tumeshaziona.

(c) Tiki ya kufundishia akili mnemba iondolewe kwa wote, anayetaka aiweke mwenyewe. Akaunti zilizolala na za marehemu zihesabiwe zimekataa.

(d) Akaunti zilizofungwa kwa sababu ya vianzio, wasifu wa wahusika na orodha za vipendwa zipitiwe upya na mtu mwenye macho, na kila mmoja apewe sababu kwa maandishi.

(e) Tupewe jina la kazi na anwani ya mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mmoja anatosha.

Hatutishii mtu. Tumeshaanza kunakili kwa mkono, watu kumi na wawili kwa zamu, tukianzia na vianzio kwa sababu ndivyo vyepesi kupotea. Mkitekeleza (a) na (b) tutaacha na kurudi kuandika. Msipotekeleza, tutahama na tulichookoa, na orodha ya tusichookoa tutaiweka wazi pamoja na barua zangu tatu na majibu ya mashine yenu.

Nasubiri jibu kabla ya siku ile ya 14. Na kama kati yenu yupo anayejua ilipo hadithi ya mwenye kiatu, naomba anitumie hata kabla ya jibu rasmi.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa kujitolea, zamu ya usiku

Nakala: Wanachama wote wa kikundi, waliopo na walioondoka